Risiva ya Sista Leticia

Masagati,
18 Februari 2024

Kwako mwanangu Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima. Mvua inanyesha, mpunga umeshika, na mbwa wako amekufa. Alikuwa mzee, usilie.

Utashangaa mwandiko. Ni wa mama yako. Mimi nimejikata kidole kwa panga, kwa hiyo nasema, yeye anaandika. Usinipigie simu. Mtandao uko kilimani tu, na mambo ya ufundi hayapigiwi kelele kilimani mbele ya wachunga ng'ombe.

Habari ni hii. Sista Leticia amehamishwa. Kabla hajaondoka alinijia na boksi akasema, "Mzee Ildefonce, wewe ndiye fundi wa redio wa Masagati nzima. Hii risiva waliniachia wageni wangu wa Ujerumani, mimi imenishinda." Nikaipokea. Dishi nimelisimamisha mwenyewe, sola ipo, betri ipo, na TV uliyoniletea Krismasi ya mwaka juzi ipo.

Lakini mwanangu, hiki si king'amuzi kama vile tunavyovijua. Ukikiwasha kinakaa dakika nne kinajifikiria. Kikiamka kinaongea Kijerumani. Nilimtuma Deus, yule dereva wa fuso, akaulize mafundi wa Mlimba. Mmoja akamjibu, "Hiyo inatumia Linux, mwambie mzee aiuze." Auze! Mimi niliyefufua redio ambazo wenyewe walishazichimbia kaburi!

Nimesikia inawezekana kuwekewa system mpya kwa flash. Wewe una kompyuta, mimi sina. Namba iliyoandikwa chini ya mashine ni 580. Nitafutie system yake, umpe Deus flash na maelezo.

Fanya haraka. Kigango kizima kinajua nina dishi, na kuku wameanza kulala juu yake. Jumapili iliyopita William, mwenyekiti wetu wa kigango, aliniuliza mbele ya watu kama ni la kuanikia dagaa. Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini nilirudi nyumbani sikula.

Ni mimi baba yako,
Ildefonce


Ifakara,
27 Februari 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nimemlilia mbwa wangu japo ulinikataza. Pole ya kidole. Umekifunga na nini? Isiwe ule utepe mweusi wa umeme, nakujua.

Baba, wa Mlimba hakukosea sana kuogopa. Risiva za Linux ni kompyuta zilizovaa koti la king'amuzi. King'amuzi cha dukani unakichomeka, kinatafuta chaneli, umemaliza. Hii inataka uiambie kila kitu: dishi linatazama setilaiti ipi, jicho la dishi ni la aina gani, lugha gani, saa ngapi. Na kila modeli ina system yake. Ukiipa ya mwenzake inagoma, kama mgonjwa aliyewekewa damu isiyo yake. Nimehangaika siku tatu kupata ya 580.

Iko kwenye flash hii nyekundu. Fanya hivi. Zima risiva kabisa, chomoa waya. Chomeka flash nyuma. Shika kitufe cha mbele ukiwa umekibonyeza, kisha rudisha umeme. Screen ndogo ya mbele itaandika maneno na kukuuliza kama uendelee. Bonyeza kitufe cha kijani kwenye rimoti. Sio chekundu! Chekundu ni kughairi. Subiri robo saa bila kuigusa. Ikiwaka, bonyeza cha buluu, chagua Kiingereza. Kiswahili bado hawajatuwekea, tuwasamehe.

Hakikisha namba kwa mara nyingine kabla hujaanza. Samahani kukufundisha, najua nani alinifundisha mimi kushika chuma cha kulehemu.

Dukani kazi zipo. Wateja wapya bado wakiingia wananiuliza fundi yuko wapi. Nawajibu ametoka kidogo, kisha naendelea kutengeneza.

Mwanenu,
Careen


Masagati,
14 Machi 2024

Careen,

Umeniulia mashine.

Nilifuata maelezo yako yote. Ikawaka, ikaandika herufi, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Mpaka sasa inafanya hivyo hivyo, inaamka na kufa, inaamka na kufa. Nimechomoa waya kwa huruma.

Halafu unaniandikia kijani, chekundu, buluu. Rimoti hii imechakaa, rangi zote zimefutika. Fundi anayejua kazi huandika "kitufe cha pili kutoka kushoto". Hukufundishwa hivyo hapa nyumbani.

Namba ni 580. Nimesema 580 na nitaendelea kusema 580. Kama system uliyoleta ni mbovu sema ni mbovu, mtu hafi kwa kukiri kosa.

William ameuliza tena.

Ni mimi baba yako,
Ildefonce

Careen, mwanangu, hapa chini ni mimi mama yako. Yeye ameshamaliza kusema, anadhani naandika jina lako juu ya bahasha.

Hana jeraha la kidole. Baba yako haoni. Jicho la kushoto lilianza kabla ya ile Krismasi uliyokuja na TV, ukawa unamcheka anamwaga chai, ukadhani ni uzee. Sasa na la kulia limeingia. Ukimtazama karibu, kile kiini cheusi kimekuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Nyumbani anatembea bila shida kwa kuwa analijua kila jiwe. Watu wa kigango hawajui. Ameniapisha kwa rozari nisikwambie, nami nikaapa, Mungu atanisamehe.

Rimoti ina rangi zote, zinang'aa. Na namba ya chini ya mashine nimeitazama mwenyewe alipokwenda kuoga. Ni 530. Yeye aliisoma kwa kukisia, na mimi niliandika alichosema. Hanipi nafasi ya kushika. Anasema kazi ya ufundi haina wasaidizi.

Ukijibu kumbuka kwamba mimi ndiye ninayemsomea.

Mama yako,
Mariana


Ifakara,
23 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nakiri kosa. System niliyokuletea ilikuwa mbovu, nimehangaika nayo nimeona. Nisamehe. Risiva yako haijafa, imezirai tu. Hizi zina uzuri huo, hata ukizivuruga vipi, ukizipa system sahihi zinarudi. Nimekuwekea nyingine kwenye flash hiyo hiyo, na safari hii nimeitengeneza ianze kwa Kiingereza yenyewe.

Maelezo ni yale yale, ila kwa rangi naomba radhi. Kitufe cha kuendelea ni cha pili kutoka kushoto, katika ule mstari wa vitufe vinne virefu. Na nakuomba sana Mama akushikie tochi. Sio msaidizi wa ufundi, ni mshika tochi.

Mwanao,
Careen

MAMA, KUNJA KARATASI HAPA. CHINI USISOME KWA SAUTI.

Mama, nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kuendelea na kazi. Nilimcheka kwa sababu ya chai! Nakumbuka kabisa. Nilimwambia, "Mzee wangu, kikombe kiko hapa, meza iko pale."

Unavyoeleza ni mtoto wa jicho. Nimekwenda kumuuliza nesi mmoja mteja wangu, anaitwa Eliza. Anasema kama ni huo unatolewa, watu wanaingia wameshikwa mkono na wanatoka wanatembea wenyewe. Lakini ukiachwa sana jicho linaweza kuharibika lisitengenezeke. Anasema Julai madaktari wa macho watakuja hapa Ifakara kwa wiki moja.

Kwa nini hataki? Ni woga au ni ubishi? Mficha maradhi kilio humuumbua, nawe unamsaidia kuficha. Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo. Wewe mwenyewe hujambo?


Masagati,
20 Mei 2024

Kwako Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Machi imefika juzi. Barabara ilikatika mara mbili, fuso ya Deus ililala Mlimba wiki tano.

Nimeifufua! Nilijua tangu mwanzo kwamba kosa halikuwa langu, nashukuru umekiri. Imewaka na inaongea Kiingereza. Mama yako alishika tochi vizuri, simlaumu.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, chaneli hakuna, inasema haina mawimbi. Nazungusha dishi, nazungusha, haisemi lolote. La pili ni kubwa. Niliweka neno la siri ili watoto wa William wasinichezee, maana wanapita hapa kila wakitoka shule. Sasa inalikataa. Neno ninalijua vizuri sana. Sitaliandika hapa, barua za Deus husomwa na nusu ya Mlimba. Niambie namna ya kuifungua.

Ni mimi baba yako,
Ildefonce

Mwanangu, alinishika bega akanigeuza ukutani ili nisione hilo neno lake. Nilimsikia anabonyeza, anabonyeza. Aliloingiza anajua Mungu peke yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshambonyezea kile cha kijani bila yeye kujua, vidole vyetu viligongana akadhani ni nzi.

Uliniuliza kwa nini hataki. Ni Evarist, kaka yake. Wewe ulikuwa mdogo. Alipita mtu mnadani kwa koti jeupe, anasema anatoa ukungu wa macho. Akamtoboa Evarist jicho kwa sindano, siku ya kwanza Evarist aliona, tukaimba. Wiki ya pili likaoza. Baba yako ndiye aliyempeleka, ndiye aliyemshika kichwa. Nikimwambia habari ya daktari anatoka nje kwenda kupapasa dishi lake.

Juzi alianguka kwenye mfereji, akasema aliingia kwa makusudi kutafuta spana.

Mimi sijambo. Uchovu wa kuamia ndege shambani tu, mpunga umeiva.

Mariana


Ifakara,
2 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Hongera kwa kuifufua! Nimewaambia mafundi wenzangu hapa kwamba mzee wangu ameweka system ya Linux Masagati, hawaamini.

Sasa kuhusu neno la siri. Baba, Linux haina mchezo na neno la siri. Ikishafungwa, lazima aliyeifunga awepo mwenyewe, mbele ya kompyuta, alitaje kwa mdomo wake wakati mimi naifungua. Kwa barua haiwezekani, na kumpa Deus neno hilo najua hutaki. Kwa hiyo njoo nayo. Njoo Jumapili tarehe 7 Julai, Jumatatu tuifanyie kazi. Nitakupangia chaneli zote humu dukani, nitakuonyesha na namna ya kutega dishi, ukirudi kazi yako ni kuwasha.

Mwanao,
Careen

MAMA, KUNJA HAPA.

Ni uongo mtupu. Neno la siri nalifuta kwa flash kwa dakika kumi, na hata yeye angeweza. Nimeona aibu kuandika, alinifundisha kila kitu isipokuwa kumdanganya.

Madaktari wanaanza Jumatatu tarehe 8. Jina lake nimeshaliandikisha, namba yake ni kumi na nne. Akishakaa dukani kwangu nitamweleza ukweli, na akikataa nitapiga magoti barabarani, watu wa stendi wajae watuangalie. Sitaki baba yangu aishi gizani kwa sababu ya tapeli wa mnadani.

Njoo naye, nakuomba. Sijakuona mwaka na nusu.


Masagati,
16 Juni 2024

Kwako Careen,

Nitakuja tarehe hiyo. Nitalala siku mbili, si zaidi, nina kazi. Deus amesema atanipa kiti cha mbele. Risiva nitaipakata mwenyewe. Usiwaambie watu ninakuja kwa sababu imenishinda. Sema ninakuja kukutembelea.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi, nainama.

Ni mimi baba yako,
Ildefonce

Amekubali, Careen! Nilikuwa naisoma barua yako sauti inanitetemeka, nikadhani ameshajua, akasema tu, "Andika nitakuja."

Mimi sitakuja. Mpunga uko uwanjani bado haujapigwa, tukiondoka wote utaliwa na nguruwe na majirani. Deus atamshika mkono mahali pa kushuka, nimemwambia baba ana mguu unaouma. Mwangalie baba yako huko. Mimi nipo.

Mariana


Ifakara,
15 Julai 2024

Mama Careen,

Mkono huu ni wangu. Mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, lakini ninaiona inavyopinda.

Jicho la kulia limefanyiwa kazi Jumatano. Kisu chenyewe sikukisikia, kilichonitesa ni kusubiri. La kushoto daktari amelimulika akasema halitarudi, limekaa sana. Ningekuja mapema lingepona. Hilo ni langu, sitamsukumia mtu.

Unataka kujua mtoto alinibembeleza vipi. Hakupata nafasi. Alinipokea stendi akanishika mkono hadi dukani, akaanza habari ya neno la siri huku sauti inamkimbia. Nikamwambia, "Weka risiva hapo, tuende huko unakotaka kunipeleka." Akaangua kilio, na mteja aliyekuwa anasubiri redio yake akatoka nje kwa heshima. Mariana, mimi ndiye niliyemfundisha yule kwamba mashine ikijifunga unaifuta unaanza upya. Leo anidanganye mimi na Linux?

Na wewe vilevile. Tangu Machi, nikishasema "ni mimi baba yako", nasikia kalamu inaendelea kukwaruza. Jina la Careen ni refu kiasi gani? Nilipungukiwa macho, masikio ninayo. Nilijua unanisemea, nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka lisemwe na mimi sikuweza kulitamka. Nilikuwa ninaogopa. Ile sindano ya Evarist nilimshikia mimi. Kila nikifumba macho namsikia anavyoniambia, "Kaka, shika sana, nisitikisike." Nilishika sana. Nikaona haki yangu ni kukaa na giza langu. Mtu mwenye mawazo hayo hatoki kwa kuambiwa ukweli. Inabidi adanganywe kidogo, naye akubali kudanganywa.

Walipotoa bandeji nilimwona nesi Eliza, kisha Careen. Amekuwa mtu mzima, ana unywele mmoja mweupe. Nimekaa dukani kwake siku nne nikimtazama akifanya kazi. Hanihitaji kwa lolote. Nilifurahi, nikaumia, nikafurahi tena.

Risiva tuliifuta tukaanza upya, nikaona mwenyewe namba 530. Nilicheka. Linux si ngumu kama wanavyosema, ila haipendi mtu wa kubahatisha. Chaneli amenipangia kwa foleni, Misa ya kwanza, mpira wa pili, taarifa ya habari ya tatu, ndizo nilizotaka.

Daktari anataka nikae hadi tarehe 3 Agosti kwa dawa za matone. Mimi nataka kurudi sasa. Ni mwaka mzima sijauona uso wako, Mariana, nimekuwa naukumbuka tu. Nimechoka kukumbuka.

Mumeo,
Ildefonce


Masagati,
21 Julai 2024

Baba Careen,

Nimesoma barua yako mara tatu, mwandiko wako umerudi. Nimemshukuru Mungu hadi sauti imekauka.

Usiharakishe kurudi. Msikilize daktari, na akikuambia tarehe 3 wewe ongeza. Tunapiga mpunga, uwanja mzima ni vumbi, litaharibu jicho. Kaa na mtoto, mzoeane. Hata ukirudi katikati ya Agosti hapa hakuna kinachoharibika. Magunia nimeshayahesabu, Sikitu wa jirani ananisaidia.

Kuhusu kalamu, nisamehe. Ningeandika tena.

Mariana


Masagati,
6 Agosti 2024

Mwanangu Careen,

Nilifika Jumapili mchana. Nilikataa kuongeza siku hata moja, wewe ni shahidi.

Nilitega dishi jioni ile ile, kwa namna uliyonionyesha, nikisogeza upana wa kidole na kusubiri. Sio kuzungusha kama usukani. Mara ya saba mawimbi yakashika. William alikuwepo, na wanawe, na Sikitu, na nusu ya kigango. Walipiga makofi. William akaniambia, "Mzee, nimefuta maneno yangu ya dagaa." Ningetakiwa niwe mtu mwenye furaha kuliko wote Masagati.

Mama yako alikuwa amekaa nyuma ya watu, karibu na mlango, amejitanda khanga hadi puani. Alinipokea hivyo hivyo, akaniambia ana mafua. Nikamwita aje mbele. Akaja, akaketi, mwanga wa TV ukamwangukia.

Careen, macho yake ni ya manjano. Rangi ya binzari. Daktari alikuwa ameniambia kwamba jicho jipya huona rangi vibaya siku za mwanzo, nikajisemea basi ni jicho langu. Nikawatazama watoto wa William, macho yao meupe. Nikamtazama Sikitu, meupe. Nikarudi kwake. Nikamshika viganja nikavigeuza kwenye mwanga, navyo vilikuwa hivyo hivyo. Shingo imekwisha. Gauni lile la kijani la Pasaka linamning'inia kama limetundikwa ukutani.

Nilikuwa ninalala naye kitanda kimoja, mwanangu. Nilimsikia anakohoa, anajigeuza, nikisema tumbo ananiambia maharage. Rangi haina sauti. Sikitu alipoona nimeshika vile viganja aliinamisha kichwa, nikaelewa kwamba wanawake wote wa kigango walijua na mama yako aliwafunga midomo.

Watu walipoondoka nilimuuliza tangu lini. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, karatasi yake ni hii ya pili. Sijaisoma.

Muulize nesi Eliza tuanzie wapi tukifika.

Baba yako,
Ildefonce


Masagati,
7 Agosti 2024

Careen mwanangu,

Ilianza Kwaresima. Kwanza mkojo, halafu macho. Kuna kitu kigumu hapa chini ya mbavu, kulia, nikikibonyeza kinajibu. Mganga wa zahanati aliniandikia karatasi ya kwenda Ifakara mwezi wa nne. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Uliniuliza kama sijambo, nikakujibu uongo. Utanikasirikia, una haki. Lakini fikiri, ningesema, baba yako asingepanda gari la Deus. Angekaa hapa amenishika mkono asiouona, wewe ungekuja kunichukua mimi, na wiki ya madaktari ingepita. Tungekuwa na mgonjwa na kipofu katika nyumba moja. Nilijua nina nafasi moja ya kumtoa, nikaitumia. Nilijiambia akirudi anaona nitasema. Kisha alipokaribia kurudi nikaogopa, nikamwandikia akae. Nilitaka aone nyumba, aone dishi lake, afurahi walau wiki mbili kabla hajaniona mimi.

Sikupata hata jioni moja.

Risiva inafanya kazi vizuri sana. Chaneli zote ulizopanga zinashika, jana kigango kilisali Misa hapa uani na William ndiye aliyebeba viti. Kila saa kuna watu. Baba yako hatazami. Amekigeuza kiti, ameipa TV mgongo, ananitazama mimi. Nikipepeta mchele ananitazama, nikilala ananitazama. Nimemwambia, "Baba Careen, umelihangaikia hilo dishi miezi sita, tazama basi na wewe." Anasema anatazama.

Tunakuja Jumamosi na Deus. Naogopa, mwanangu. Njoo stendi mapema, usinifanye nikusubiri.

Mama yako,
Mariana